Makaa Kutoka Nyumbani

Mama aliuza makaa mtaani Kawangware 56, jijini, katika kibanda cha mabati kati ya saluni na duka la vyuma. Mchana wa Januari, vumbi jeusi likielea mlangoni kwenye jua, nilihisi kama tunaishi ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Makaa mazuri hulia yakigongana. Mama aliyatambua kwa sauti tu, macho ameyafumba.

Wateja walizidi kila mwezi. Ploti za kupangisha ziliongezwa ghorofa, na kila chumba kipya kilikuja na sufuria yake. Gesi ilikuwa ghali, stima ilikuwa ya taa na simu. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, kichwa kimejaa habari za misitu na tabianchi, nikimhubiria mama bila huruma. Alinijibu kwamba makaa yake hutoka kwa watu asiowajua, huko mbali, na kwamba maharagwe hayaivi kwa hotuba.

Siku moja lori linalonunua makaa kando ya barabara ya Kitui likatushushia magunia saba. Mama akainamia moja, akalipapasa mdomo. Lilikuwa limeshonwa mdomoni kwa katani, kila mshono wa tatu umerudiwa. Hivyo ndivyo nyanya, mamake, anavyomalizia viondo anavyosuka. Hakuna mwingine anayejisumbua hivyo.

Nyuma ya nyumba ya nyanya, huko Kitui, kulikuwa na migunga mitatu mikubwa. Mama alizaliwa akaikuta. Alikuwa amemsihi nyanya asiiguse kamwe, kwa kuwa alitaka kurudi kuzeekea kivulini pale. Akapiga simu, akaweka spika.

"Mama, ile migunga ipo?"

Nyanya akajibu: "Mvua imekataa misimu mitatu. Na nyinyi huko mnapika kila siku. Ningeuza nini?"

Nilimkasirikia nyanya, nikamkasirikia mama, ingawa nilijua sina haki hiyo. Nikasema tulifiche lile gunia, tusiliuze. Mama akakataa, akasema mti ukishachomwa haurudi kwa kufichwa. Akafungua mshono taratibu, fundo kwa fundo, bila kukata uzi hata mmoja, kisha akaanza kuwapimia watu. Walisema makaa ya leo ni poa sana.

Mkebe wa mwisho wa makaa hayo tulibaki nao sisi. Maharagwe yaliiva polepole, moto umetulia, hauna moshi. Yalikuwa matamu kuliko siku zote, na niliona uchungu kwamba ni matamu. Nikamaliza sahani, nikaongeza.