Kabla Hujatia Dole

Mwanangu, ile asubuhi wabunge walipokuja kushinda kutwa kwenye kaunta ya polisi hapa Bwera, naikumbuka mpaka rangi ya benchi nililokalia. Lakini ili uelewe kwa nini nilitoka pale nikitembea kifua mbele, lazima nianze na ujinga wangu wa ujana.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kule Kyarumba. Baba alikuwa amekufa, ameniachia mteremko wa kahawa. Jirani yetu aliitwa Thembo. Namtaja, wala sioni haya. Aling'oa miti ya mpaka akaipanda ndani ya kahawa yangu, na nilipomuuliza akanipiga kwa mpini wa jembe. Mkono huu unaouona umepinda ni kazi yake. Nikashuka mlima kwa miguu hadi polisi hii hii ya Bwera, nimeufunga kwa leso.

Kwenye kaunta alikuwa Koplo Muhindo. Na huyo namtaja. Nilieleza, akaandika ukurasa mzima, kisha akanisukumia karatasi na kidau cha wino.

"Tia dole hapa. Kwenda."

Shule niliachia darasa la tatu. Niliona haya kusema sijui kusoma, nikatia. Niliporudi kuuliza kesi yangu, Muhindo alicheka. Karatasi ilisema nimemsamehe Thembo na mpaka mpya nimeukubali.

Shangazi yangu aliyenilea alikuwa anachambua maharage. Hakunipa pole.

"Ulisomewa?"

"Hapana, shangazi."

"Mkono alikuvunja Thembo. Dole umetia mwenyewe."

Akaendelea na maharage yake. Neno hilo nimelala nalo miaka yote niliyomtazama Thembo akichuma kahawa ya baba yangu.

Halafu redio ikasema kamati ya wabunge inakuja kujifunza kazi ya polisi kwa mikono yao, siyo kwa kuletewa ripoti. Watakaa kaunta, watapokea malalamiko kama askari. Nikavaa koti la kanisani, nikawa wa kwanza kwenye benchi. Na nani yuko pale kuwaonyesha wageni kazi? Muhindo. Walimzungusha wilaya nyingi wakamrudisha, sasa sajenti, tumbo limetangulia.

Kalamu alishika mbunge mmoja mama, mtoto wa askari, Kiswahili chake cha kambini. Nikaeleza yote tangu mwanzo. Aliandika akitokwa jasho, kisha akanisukumia karatasi, vilevile kama Muhindo zamani.

"Tia dole hapa, mzee."

"Sitii. Nisomee kwanza."

Muhindo akakohoa. "Mheshimiwa, huyu muzee iko na maneno mingi. Batu ya mulima beko vile."

Mama akanisomea hata hivyo. Kumbe katika haraka yake ameandika nilivunjwa mkono na mtu asiyejulikana.

"Mheshimiwa, mimi namjua. Andika Thembo. Na aliyeandika uongo wa kwanza amesimama nyuma yako."

Hakugeuka. "Sajenti, faili ya zamani iko wapi?"

"Afande, ile panya ilishakula."

"Basi niletee panya."

Benchi zima likacheka. Faili likapatikana stoo, halijaguswa na jino lolote. Akasoma mpaka mwisho, chini kabisa, akarudia mstari mmoja kwa sauti: nimesomewa maneno haya kwa Kiingereza, lugha ninayoielewa. Akaniangalia, akanimwagia Kiingereza. Nikamtazama kama mbuzi anavyotazama redio.

"Nimekuuliza jina lako tu, mzee," akasema kwa upole. Hapo ndipo akamgeukia Muhindo. Muhindo alikuwa anatazama viatu vyake.

Mkuu wa kituo alifungua faili upya mbele yetu. Mama aliandika jina la Thembo na la Muhindo, akanisomea tena, nami nikatia dole langu kwa furaha. Akaniambia, "Leo nimejifunza kazi moja, kusoma nilichoandika."

Msimu huu mahakama imerudisha mpaka pale alipouacha baba. Muhindo amevuliwa cheo. Thembo siku hizi hupita njia ya chini ili tusikutane, na mimi nachuma kahawa yangu kwa mkono huuhuu uliopinda, taratibu, aone vizuri.

Basi mwanangu, nakuusia. Usitie dole wala sahihi kwenye maneno ambayo hujasomewa, hata anayekusukumia amevaa kofia ya serikali, hata nyuma yako foleni inanung'unika. Sema sijui kusoma, sema sikuelewa, rudia. Ile haya iliniumiza kuliko mpini wa Thembo, maana mfupa uliunga. Na siku ukikaa wewe upande wa pili wa kaunta, msomee mtu maneno yake kabla hajakuomba.

Mungu akulindie ulichoachiwa. Neno lako likae kwenye karatasi kama lilivyotoka mdomoni mwako, na waliokucheka wawe hai siku litakaposomwa.