Neno Mbele ya Amri

Chumba cha kumbukumbu cha hospitali yetu ya uzazi kina kompyuta moja, na haizimwi. Anayemaliza zamu anainuka, anayeingia anakalia kiti kingali na joto. Dada Mkuu, ndivyo tunavyomwita, amekikalia miaka kumi na mmoja.

Kila amri tunayoichapa pale huambiwa ishike jalada lipi: halisi, au nakala ya majaribio. Ukiandika JALADA=nakala mbele ya amri, mpangilio huo unaisha na amri hiyohiyo. Ukitanguliza export, unabaki kwenye dirisha lile la kompyuta mpaka lifungwe. Dada Mkuu export hataki hata kuisikia. Kila amri anaitangulizia neno lake, hata mara mia kwa siku.

"Utachoka vidole, dada," Haraka, mwenzake wa zamu, humtania.

"Vidole vyangu, wewe vinakuwasha nini?"

Huyo Haraka alikwishapewa barua ya onyo: kosa moja tena, kazi hana. Na ana watoto watatu.

Jumanne akachapa export JALADA=halisi, akatoa orodha za asubuhi, akaenda zake kula. Dirisha kaliacha wazi. Dada Mkuu akaketi kujaribu amri mpya ya kufuta rekodi zote. Simu ikawa inaita, mama yake. Akajiambia, aa, nisipotaja jalada si inashika nakala yenyewe? Na kweli, siku zote ndivyo. Akabonyeza.

Lo! Dirisha lilikuwa bado na export ya Haraka; jalada halisi likawa jeupe. Akiba inayohifadhiwa kila usiku ilirudisha karibu rekodi zote, ila watoto tisa waliozaliwa asubuhi ile hawakuwamo.

Msimamizi alikuja amefura. "Nani kaacha export hapa?"

Haraka akainamisha kichwa. Dada Mkuu kimya. Kimya kirefu, mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yake.

"Aliyefuta ni mimi," akasema mwishowe. "Sikutaja jalada. Andika jina langu."

Barua ya onyo ikatoka kwa jina lake. Alichukua daftari akaenda wodini, kitanda hadi kitanda, kuwauliza kina mama upya: saa ngapi, kilo ngapi, wa kike au wa kiume. Haraka akamfuata nyuma.

"Dada, ungenyamaza ningekuwa nimekwisha."

"Najua," alijibu bila kumtazama. "Nilinyamaza. Hukuona?"