Upande wa Abiria

Oyunchimeg na mama mkwe wake, Dulmaa, hawakupatana tangu wiki ya harusi. Sisi majirani wa jengo lile hapa mjini Choibalsan tulilijua hilo, maana kuta zetu ni nyembamba na Dulmaa si mtu wa kunong'ona. Mwanawe alikuwa mgodini kusini, nyumbani akionekana kwa nadra. Basi kazi ya kumpeleka bibi hospitali kusafishwa damu ilimwangukia mkamwana, apende asipende.

Baridi ilipokaza, hita ya gari lao la mtumba ikaanza kiroja. Upande wa dereva ilipuliza joto, upande wa abiria ilipuliza hewa ya barafu. Dulmaa alikaa amejikunyata ndani ya joho la ngozi ya kondoo, pumzi yake ikiganda kwenye kioo, na kando yake mkamwana anaendesha bila glavu. Aliambiwa ahamie kiti cha nyuma, akakataa. Yeye si mzigo.

"Wewe umejiwekea jua," alisema, "mimi umeniwekea kaburi."

"Swichi ya upande wako hiyo hapo, mama. Zungusha mwenyewe."

Dulmaa akaizungusha mpaka mwisho. Baridi ikabaki ileile.

"Umeifunga," akasema.

Jioni hiyo aliwapigia simu ndugu wote, akidai kuwa mke wa mwanawe anataka kumgandisha kama nyama ya akiba. Habari ikafika mgodini. Mume alipopiga, hakuuliza kilichotokea. Alimwambia mkewe aitengeneze hita na aache kumtia aibu. Oyunchimeg alikata simu bila kuaga.

Fundi alitaka kuifungua dashibodi yote na kubaki na gari siku kadhaa, na damu ya mgonjwa haingoji. Kwa hiyo Oyunchimeg akaingia kazini mwenyewe, uani. Maji ya rejeta yalikuwa yamejaa. Akashika mipira miwili inayopeleka maji kwenye hita, yote ya moto. Fyuzi nzima. Joto basi lilikuwepo, ila halikupata njia ya kwenda kushoto. Akazima injini, akawasha umeme tu, akazungusha swichi huku sikio likiwa chini ya dashibodi. Akasikia ta-ta-ta, kama mtu anayegonga meno.

Dulmaa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Hata supu inakushinda," akasema, "sasa umekuwa fundi."

Oyunchimeg aling'oa kisanduku cha mbele ya abiria, akafungua skrubu, akatoa mota ndogo. Meno ya gurudumu lake la plastiki yalikuwa yamelika. Mota ilizunguka bure, na kile kilango kinachoruhusu hewa ya moto kilikuwa kimekwama kimefungwa. Akamwonyesha.

"Tazama, mama. Limevunjika."

"Kikivunjika kitu, yupo aliyekivunja."

Akakisukuma kilango kwa kidole mpaka kikafunguka, akakishikiza kwa waya kisirudi.

Safari iliyofuata, Dulmaa alipigwa na joto usoni. Kufika darajani alikuwa amefungua skafu. Oyunchimeg alingoja neno, hata la nusu mdomo.

"Kumbe muda wote ulikuwa unaweza," Dulmaa akasema.

"Na kukuacha nyumbani pia nilikuwa naweza."



Sasa ni kiangazi. Mota mpya haijanunuliwa na waya upo palepale. Oyunchimeg anaendesha akipata hewa baridi, na Dulmaa anapulizwa hewa ya moto, jasho likimtiririka shingoni, kioo amekishusha, macho mbele. Nilimwuliza Oyunchimeg kwa nini asiukate ule waya, kazi ya koleo mara moja tu.

"Akiniomba, nitaukata," alisema.

Hajaombwa.