Kile Kimekuja

Silabi moja ilimpa kazi, sifa na ofisi ndogo chuoni yenye feni inayolalamika. Silabi yenyewe ni ki. Mtafiti huyu, ambaye mguu wake wa kushoto ulibaki mfupi tangu utotoni, katika kila onyesho lake alipanda jukwaani akapanga vitu sakafuni: kiti, kikombe, kijiko. Kisha alikaa katikati yao, akavua kiatu chake chenye soli nene na kutoa sauti ya jirani wa zamani: "Kile kiwete kimekuja." Si yule amekuja. Kile kimekuja, kama kijiko. Watu wazima na ndevu zao walitafuta leso.

Hata kwenye tasnifu yake aliandika hivyo: jirani, mwanamke, jina limehifadhiwa. Limehifadhiwa kweli, maana jirani huyo hakuwahi kuwepo.

Sentensi ile aliisema yeye mwenyewe, akiwa na miaka tisa, mlangoni kwao. Wasichana wenzake walikuwa wakiucheka mguu wake, na mdogo wake asiyeona akatokea akipapasa ukuta. "Kile kipofu kimekuja," akasema, na kicheko chote kikahamia kwa mtoto wa watu. Lo, raha aliyoipata! Raha hiyo ndiyo iliyomtafuna miaka yote. Kila alipopigiwa makofi alijiona mwizi anayeshangiliwa.

Mdogo wake sasa ni mpokea simu wa hospitali, mtu wa kukutambua kwa "haloo" moja. Dada mtu alikuwa amehakikisha hafiki kwenye onyesho: mara tiketi zimekwisha, mara ngazi ni mbovu. Safari hii alikuja bila kualikwa, akakaa safu ya mbele, fimbo nyeupe mapajani.

Dada alimwona kutoka jukwaani. Angeiruka ile sentensi, lakini onyesho zima lilisimama juu yake. Akaisema, huku akiikaza sauti iwe nzito, ya mama mtu mzima. Makofi yakalipuka.

Baadaye mdogo wake alibisha hodi kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Hongera, dada. Ila yule jirani umemkosea."

"Nimemkosea vipi?"

"Sauti yake haikuwa nzito. Ilikuwa ya kitoto, tena yenye mafua. Na hakusema kiwete."

Kiatu kilimponyoka mkononi.

"Kumbe ulijua?"

"Dada, mimi kazi yangu ni kupokea simu."

Dada akaanza kulia. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Tutazungumza," akasema, akiutafuta mlango kwa fimbo. "Kesho jukwaani, kwanza mpe yule jirani sauti yake."