Hamisa wa Majina Mawili

Hamisa Chande alikuwa na miaka thelathini na moja alipoamua kurudia mtihani wa Kemia wa kidato cha nne. Wakati huo alikuwa mhudumu wa zahanati huko Ziwani. Alifagia, alichemsha vifaa, aliwapanga kina mama siku ya kliniki, na muuguzi akizidiwa na kazi, yeye ndiye aliyemshika mtoto mguu achomwe chanjo. Alikuwa ametimiza miaka saba kazini pale, na hakuna aliyeona upungufu katika kazi yake isipokuwa yeye mwenyewe.

Aliyemchokoza ni Sista Veronika, muuguzi aliyehamishiwa Ziwani kutoka Songea. Siku moja alimkuta Hamisa akimweleza bibi mmoja kwa Kimakonde namna ya kumpa mjukuu wake dawa. Akasimama mlangoni akasikiliza hadi mwisho, ingawa hakuelewa hata neno moja, kisha akamwuliza kwa nini hakwenda chuo cha uuguzi. Hamisa akajibu kwamba alifeli Kemia. Veronika akamwambia Kemia si maradhi yasiyo na dawa, inarudiwa.

Basi akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nadharia aliisoma zahanati wagonjwa wakishaondoka. Vitendo ndivyo vilivyomtisha, maana shuleni kwao maabara ilikuwa chumba cha kuhifadhia madawati mabovu. Kila Jumamosi alikwenda mjini Mtwara kwa Mwalimu Gideoni, aliyewafundisha warudiaji. Huko alikaa na vijana wa miaka kumi na minane waliomwita mama. Wiki sita mfululizo, katika zoezi la kuchanganya asidi na besi, kimiminika chake kiligeuka kuwa na wekundu wa kukolea, wakati kilitakiwa kiwe na wekundu hafifu tu. Mwalimu akamwambia anamimina kama anayemwagilia mchicha. "Tone moja, kisha ungoje," alisema. Hamisa akajifunza kungoja. Mtihani ukaja Novemba, na matokeo yalipotoka mwezi Januari alikuwa na C.

Dirisha la maombi ya vyuo lilipofunguliwa, alibeba vyeti vyake akaenda kwenye duka la steshenari karibu na soko kuu. Nuru, binti aliyekuwa akiwajazia watu fomu mtandaoni, aliingiza taarifa moja baada ya nyingine, kisha akasita.

"Dada, hawa ni watu wawili," akasema, akamgeuzia kompyuta.

Vyeti vya shule vilimwita Hamisa Abdulkarimu. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa vilimwita Hamisa Chande. Hamisa alilijua hilo siku zote, ila pale zahanati hakuna aliyewahi kumwuliza, naye akadhani limekwisha. Nuru akamwambia chuo hakitampokea bila hati ya kisheria, na siku zilizobaki ni sita.

Abdulkarimu ni mjomba wake, seremala wa Mikindani. Hamisa alipofaulu darasa la saba, mjomba huyo alimchukua akakae kwake asome sekondari, akamwandikisha kwa jina lake. Mzee Chande, baba yake Hamisa, hakulijua jambo hilo mpaka cheti cha kidato cha nne kilipofika nyumbani. Alikisoma, akakirudisha ndani ya bahasha, akasema kumbe alizaa kwa niaba ya mwenzake. Tangu siku hiyo hakukanyaga Mikindani. Alipofariki, Abdulkarimu alikuja kuzika, akasimama nyuma ya watu wote, akaondoka kabla ya chakula. Hamisa hakumfuata. Miaka mitatu ilikuwa imepita.

Alimweleza mama yake, Bi Salma, akitumaini kwamba yeye ndiye atakayekwenda kuzungumza na kaka yake. Bi Salma akakataa. "Aliyeandika ndiye wa kuulizwa," alisema, "na mwenye vyeti ni wewe."

Hamisa akaenda Mikindani, akamkuta mjomba akipiga msasa ubao wa kitanda. Akamwamkia, akaitikiwa, akaonyeshwa pa kukaa. Alipomaliza kueleza, Abdulkarimu aliviweka vyeti viwili mbali na macho yake akavisoma polepole.

"Jina hili niliandika mimi," alisema. "Mwalimu aliuliza huyu mtoto wa nani, nikasema wangu. Sikujaliwa mtoto, Hamisa. Sikufikiri zaidi ya hapo."

Hamisa alikuwa amekuja na maneno makali. Badala yake akamwomba waende pamoja kwa wakili.

Kesho yake asubuhi walikuwa mbele ya wakili mjini. Wakili aliwaeleza kwamba zipo njia mbili. Ya kwanza, Hamisa aliache kabisa jina la Chande achukue lile la vyeti vya shule, ili karatasi zake zote zifanane asisumbuliwe tena. Ya pili, waandikishe kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, lakini kiapo hicho atatembea nacho kila aendako. Hamisa alifikiria siku zilizobaki, akaanza kusema ile ya kwanza. Mjomba akamshika mkono.

"Hapana. Huyu ana baba yake, na baba yake ni marehemu, hawezi kuja hapa kujisemea. Andika kiapo, bwana wakili. Na uandike kwamba kosa ni langu."

Wakili akasema kiapo hakina mahali pa kosa. Aliandika tu kwamba Abdulkarimu alimwandikisha mtoto wa dada yake kwa jina lake mwenyewe. Mzee akatia saini, herufi moja moja.

Maombi yakaingia siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Ijumaa iliyofuata Abdulkarimu alikwenda Ziwani, akaanzia kaburini kwa shemeji yake, kisha akaja kukaa mkekani na dada yake hadi alasiri.

Ujumbe wa kuchaguliwa ulimkuta Hamisa akipima watoto uzito. Alimalizia foleni yote kwanza, ndipo akampa Sista Veronika simu asome.

Sasa yuko mwaka wa pili. Darasani ni mkubwa kuliko wote isipokuwa mmoja, na Kiingereza cha vitabu kinamtoa jasho. Lakini wanapopelekwa wodi ya watoto, wenzake humtafuta yeye, na wakufunzi wamekwisha kuzoea kumwona amezungukwa.