Siku Niliyogombea Kuwa wa Mwisho

Mkipita huku kwetu Buswelu mkasikia watoto wanaimba "mama mihogo, mama mihogo" nyuma ya mwanamke mwenye beseni la nguo kichwani na mtoto mgongoni, mwanamke huyo ni mimi, na msihangaike kumuuliza mtu mwingine, nawaeleza mwenyewe, maana hao wengine wataongeza chumvi na habari yenyewe ina aibu ya kutosha bila chumvi ya mtu.

Huku kwetu siku ya pili ya Krismasi watu hawakai ndani kumalizia pilau la jana. Tunakimbia, tena tunakimbia na mabeseni. Kila mkimbiaji ananunua beseni jipya, anakimbia nalo kutoka kisima cha zamani hadi zahanati, na akifika analiacha wodi ya wazazi, kwa sababu mwanamke akienda kujifungua anatakiwa aende na beseni lake, na wako wanaofika hawana hata kanga ya pili. Kiingilio ni hicho tu. Utamwona mwalimu mzima, mtu wa kuogopwa darasani, kalivaa beseni la waridi kama kofia anatokwa jasho, na hakuna anayemcheka kwa sababu na yeye anayetaka kucheka analo la kijani.

Chimbuko lake ni hili. Zamani, mimi sijazaliwa, siku kama hiyo hiyo, mama mmoja alishikwa na uchungu akabebwa hadi zahanati, na bomba limekauka kabisa. Nesi alikuwa peke yake, akatuma mtu kisimani akawaambie wanawake walete maji haraka. Wanawake wakajitwisha mabeseni yao wakakimbia. Wale waliokimbia sana walifika mapema na mabeseni nusu, wengine wamebakiwa na maji ya kunawa vidole, mengine yote yamewamwagikia mgongoni. Wa mwisho akaja anatembea taratibu, na beseni lake limejaa mpaka ukingoni, na maji hayo ndiyo yaliyomwosha mama na mtoto. Ndiyo maana kwenye mbio zetu wa kwanza anapewa soda na makofi, lakini kipaza sauti anapewa wa mwisho. Wa mwisho ndiye anayesimulia chimbuko la mbio, na akishakishika hakuna wa kumkatiza.

Sasa hasira zangu zilipoanzia. Kila mwaka, wa mwisho ni Babu Fungameza, dereva wa trekta mstaafu, mtu mwenye kofia ya pama na maneno mengi, ambaye siku hiyo ya maji hata hakuwepo, alikuwa kijijini anachunga. Akisimulia akafika pale kwenye yule mama wa mwisho, anavuta pumzi, anashika kiuno, anasema: "Hapo ndipo akaja mama mmoja, mnene kweli kweli, anahema kama ng'ombe wa jembe." Watu wanaanguka kwa kicheko. Kila mwaka.

Huyo mama mmoja ni mama yangu mzazi. Anaitwa Kwandu. Watu wanamjua kama Mama Minza muuza dagaa, lakini siku hiyo hata hilo la Mama Minza alikuwa hajalipata, kwa sababu Minza mwenyewe, ndiyo mimi, nilikuwa tumboni napiga mateke, mimba imefika pabaya, ndiyo maana alikuwa anatembea taratibu! Wenzake wa kisimani wamebaki wachache, na mtaa umejaa wageni waliokuja kujenga, kwa hiyo anachosema Babu ndicho watu wanachojua. Mimi nilimwambia mama aseme. Alikuwa anachambua dagaa, hata hakuinua kichwa. Akaniambia, "Maji yalifika, mwanangu. Mengine ya nini?"

Mimi sikuumbwa hivyo.

Mwaka juzi ikamalizika wodi mpya ya wazazi, na ikatangazwa kwamba chimbuko la mbio litachorwa ukutani, picha na maneno. Nikaona kabisa: mama mmoja mnene, hana jina, kabandikwa ukutani pale ambapo mimi na binti zangu tutakwenda kujifungua. Nikamfuata Sayi, ambaye ndiye mshereheshaji wetu (na ndiye mtoto aliyeoshwa na yale maji, dume zima sasa, lina ndevu, ila mama yake alihamia Kamanga Sayi akiwa anatambaa, kwa hiyo na yeye chimbuko lake analisikia kwa Babu Fungameza kama sisi wote). Nikamwambia nina jambo kuhusu chimbuko, sitaki kulisema kwake wala kwenye baraza, nataka niliseme pale pale kwenye mbio, mbele ya watu. Akacheka. "Dada Minza, fundi atachora atakachosimulia wa mwisho. Unataka kusimulia? Kuwa wa mwisho."

Alikuwa anatania. Mimi nikalichukua kama lilivyo, na uamuzi huo mdogo ndio ulioniponza.

Siku ikafika. Masanja wangu, ambaye alikuwa anaota meno na hajaniacha nilale tangu meno yaanze, nikamwacha pale zahanati kwa mama, na simu nikamwachia mama kwenye kapu lake ili nisiiangushe (kumbukeni hiyo simu). Mbio zikaanza, watu wakatimka, mimi nikatembea. Babu Fungameza naye anatembea. Nikapunguza mwendo. Naye kasimama anamsalimia mtu, anauliza habari za ng'ombe mpaka za wajukuu. Nikasimama nifunge kamba ya kiatu. Nikainuka nikamkuta kasimama mbele yangu ananisubiri.

"Tangulia, mwanangu. Barabara ni ya vijana."

"Siwezi kumtangulia mkubwa, babu. Tangulia wewe."

"Mimi nina goti."

"Na mimi nina mtoto anayenyonya."

"Yuko wapi?"

"Zahanati."

"Basi kimbia ukamnyonyeshe." Halafu akalisogeza beseni lake kichwani vizuri, akanitazama kwa jicho moja. "Unakitaka kipaza sauti changu wewe. Hata marehemu mke wangu alijaribu."

Tukaendelea hivyo, watu wazima wawili, hatua moja, tusimame, hatua moja, tusimame, nyuma yetu pikipiki ya kufunga njia inapiga honi, dereva wake anatuuliza kama tunakwenda kwenye mbio au msibani. Nikaona kwa adabu sitamshinda yule mzee. Tulipofika kwenye yale mawe makubwa, nikasema naenda kutoa kokoto kwenye kiatu, nikazunguka nyuma ya jiwe. Nikachuchumaa. Pikipiki ikapita. Babu akapita, namsikia anapiga mluzi. Nikasema Minza, umeshinda, yaani umeshindwa, yaani ndiyo hivyo, sasa subiri kidogo halafu uende.

Nyuma ya jiwe palikuwa na Mama Rehema, yule wa Mirongo aliyeolewa huku, anachoma mihogo ya kuwauzia watu wakitoka kwenye mbio. Akanipa kipande. Nikala. Akasema kwa kuwa mimi niko hapa, nimwangalizie mihogo, yeye akachungulie wanavyomaliza, hatakawia. Nikasema nenda tu, shoga yangu. Akaenda. Sasa fikirieni: jiwe la baridi mgongoni, upepo unatoka ziwani, ziwa lenyewe unaliona kule chini linametameta, tumbo limeshiba, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakuna mtu mdogo anayeniuma. Nikajifunika beseni usoni, jua lisinichome. Nikasema nafumba macho tu.

Yaliyofuata nimeyapata kwa watu. Babu Fungameza alimaliza wa mwisho akapewa kipaza sauti. Masanja akaanza kulia, akakataa uji, akakataa maji, mama akanipigia simu na simu ikalia ndani ya kapu lake mwenyewe. Akamwambia Sayi kwamba mimi sijafika. Sayi, kwa kuwa kipaza sauti anacho Babu, akatangaza kwa mdomo kwamba kuna mama anayenyonyesha amepotea njiani. Hilo "amepotea" lilipofika nyuma ya umati likawa "ameanguka", na likitoka hapo kwenda kwa mume wangu, ambaye anafanya kazi kwenye kivuko cha Kamanga, likawa "hali si nzuri". Kisha mtu akaonyesha kidole: kwenye mawe kunatoka moshi.

Nikashtuka mtu ananivua beseni usoni. Ni nesi. Nyuma ya nesi, mbio zote. Naapa, wote waliokimbia siku ile walikuwa wamekimbia tena kurudi, wengine na machela, mwalimu na lile beseni lake la waridi, wazee, wanakwaya na sare zao, na moshi mweusi unapita katikati yetu. Fulana yangu mbele imelowa maziwa chapachapa. Mkononi nimeshika kipande cha muhogo.

"Unanisikia?" nesi ananiuliza. "Jina lako nani?"

"Minza. Nilikuwa nimelala tu."

"Wote husema hivyo. Mlazeni."

Nikawaambia jamani mimi mzima, wakaniambia tulia, nikainuka wakanilaza, na hapo ndipo Mama Rehema alipopenya watu, akainama kwenye jiko lake, akainua muhogo mmoja uliokuwa mweusi kuliko mkaa uliouchoma, akanigeukia mimi mgonjwa juu ya machela.

"Minza. Na mihogo yangu?"

Watu wakautazama muhogo wake, wakautazama wangu, wakajumlisha. Halafu kikaja kicheko nadhani hata Kamanga walikisikia. Nikaomba nishuke nitembee, wakakataa, wakasema machela ikishatoka hairudi tupu, wakanibeba hivyo hivyo barabara nzima, nimejifunika beseni usoni, na walionibeba wanacheka mpaka machela inayumba.

Tukafika. Babu Fungameza bado amekishika kipaza sauti, alikuwa hajafika hata kwenye bomba kukauka. Akaniona. Akaelewa yote, maana mjinga si yeye.

"Huyu hakufika," akasema, tena kwenye spika. "Huyu ameletwa."

Watu wakaanza kubishana, wengine wanasema wa mwisho ni wa mwisho, wengine kujificha ni wizi, mpaka Sayi akainua mkono. "Na mama yangu siku ile aliletwa vile vile," akasema. "Mpe, babu."

Babu akanipa. Hakupenda, lakini alinipa kwa mikono miwili.

Wiki nzima nilikuwa nimejiandalia hotuba, nikiosha vyombo nahutubia, nikifua nahutubia, ina mwanzo na kati na mwisho na mahali pa kumtazama Babu Fungameza kwa dharau. Yote imefutika. Masanja kashanirukia ananyonya chini ya kanga kama hajala tangu azaliwe, masizi ya mihogo yananiwasha puani, watu wote macho kwangu. Kikanitoka hiki tu:

"Yule mama hakuwa mnene. Alikuwa na mimi tumboni. Anaitwa Kwandu Luhende, ni yule pale mwenye kapu."

Vichwa vyote vikageuka. Na mama yangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kusema neno mbele ya watu, akalisogeza kapu lake begani, akasema, "Lakini na unene nilikuwa nao."

Sijawahi kuona watu wanacheka vile. Babu Fungameza alicheka mpaka pama ikaanguka. Sayi yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama mama, mama huyu huyu ambaye Sayi hununua dagaa kwake kila anapopita sokoni, wakabishana kuhusu nyongeza. Akamwendea, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekua."

Basi, mimi niliyekuwa nimejiapiza kutolia, na nilikuwa na haki ya kulia kwa aibu, nililia kwa hilo. Na katikati ya kulia na kucheka ndipo akatokea mume wangu kutoka Kamanga, mbio, bado amevaa boya la kuokolea la kazini, akanikuta juu ya machela nanyonyesha, kipaza sauti mkononi. Akauliza kitu kimoja tu: kwa nini nanuka moshi.

Mama Rehema nilimmenyea mihogo siku nzima iliyofuata, na kila mteja alielezwa kwa nini. Ukuta ulichorwa. Mama yuko pale na beseni limejaa mpaka ukingoni, tumbo mbele, na fundi hakutaka ugomvi na upande wowote akamchora na mimba na unene vyote viwili, na chini jina lote, Kwandu Luhende. Mama anajidai haendi kuangalia. Lakini dagaa siku hizi anauzia karibu na zahanati, eti wateja ni wengi.

Na mimi nimeapa. Sitagombea tena kuwa wa mwisho, wala sitaangalizia mtu mihogo, na nikitaka kulala nitalala kwangu nifunge mlango. Krismasi iliyopita nilikimbia kwa heshima zangu nikafika katikati, nikakaa na mama. Wa mwisho akawa nani? Babu Fungameza. Akasimulia vizuri, sina la kumlaumu, alipofika kwenye wa mwisho akavua pama, akamtaja Kwandu Luhende, akamtaja na baba yake na kijiji chao. Mama akatazama chini, lakini nilimwona. Kisha Babu akavuta pumzi, akashika kiuno.

"Ila kuna mwaka," akasema, "mama mmoja, mvivu kweli kweli, alikutwa nyuma ya jiwe ameunguza mihogo ya watu."

Mama mmoja! Damu ikanipanda, nikainuka, na mama akanivuta kanga nikakaa.

"Maji yalifika," akaniambia.

Nikatulia. Nimetulia mpaka leo, amini usiamini. Masanja yuko hapa ubavuni, meno yote yameota, anakimbiza kuku. Namwacha akue. Iko siku atakuwa na miguu ya kuchelewa anavyotaka, na atakishika hicho kipaza sauti, na anajua la kusema, namfundisha kila siku nikimwogesha: yule mama hakuwa mvivu, alikuwa na mimi.