Namba Nzuri ya Mwenyekiti

Wapo watu ukiwapa uhuru, kitu cha kwanza wanachotafuta ndani yake ni kiti cha mbele. Ndiyo maana yule mwandishi wa programu walimbandika jina la Mwenyekiti, ingawa mtandao wa ujumbe alioufanyia kazi hauna mwenyewe, hauna ofisi wala mhuri. Kila aina ya ujumbe humo hubeba namba yake, ili simu ijue hii ni picha, ile ni sauti. Namba hizo hakuna anayezigawa. Ukibuni kitu kipya unaangalia wenzako wanatumia zipi, unachukua iliyo wazi, unawatangazia. Basi.

Mwenyekiti alibuni kitu cha maana, tumpe haki yake: ujumbe unaojisoma kwa sauti, kwa ajili ya shangazi yake asiyeona. Binti wa shangazi alikuwa mbali, kalazwa wodini akisubiri kujifungua, na huko kupiga simu ni marufuku, maandishi tu.

"Naipa elfu moja," akasema Mwenyekiti.

"Umeangalia kama iko wazi?" akauliza mwenzake wa kazi, msichana aliyeitwa Kipara kwa kunyoa nywele zote. "Hiyo kila anayejipenda anaitaka. Chukua ishirini na nane elfu mia sita kumi na tatu. Haina mchumba."

"Hiyo si namba, ni adhabu! Watu watanikumbukaje?"

"Kwani shangazi anasubiri ujumbe au sifa zako?"

Asubuhi, Mwenyekiti na Kipara wakiwa kwake, simu ya shangazi ikalia. Akaweka kikombe chini, akatega sikio. Simu ikatamka kwa adabu zote: "Farasi kamla askari. Malkia yuko hatarini."

"Malkia yupi?" Shangazi akashika kifua. "Mwanangu kafanywa nini?"

Kumbe wacheza sataranji walikuwa wakiitumia elfu moja siku nyingi kupashana hatua za mchezo wao. Ujumbe wa binti, kama ulikuja, ulifukiwa chini ya farasi wao.

"Wahame wao!" Mwenyekiti akafoka, akaketi kuandika malalamiko. Ya kumpelekea nani, hata hakujiuliza.

Shangazi akapapasa mpaka akalipata bega la Kipara. "Mwanangu, niwekee ile namba mbaya."

Kipara akabadili, akamtumia binti programu iliyorekebishwa. Chai ilikuwa imeshapoa simu ilipolia tena.

"Mama, ni wa kike. Sote wazima. Analia kwa fujo kama wewe."

Shangazi akapiga kigelegele. Mwenyekiti, kainamia malalamiko yake, akaomba wapunguze kelele.